Naambiwa nisubiri Jumatatu na maiti iko mochari

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa, basi wacha niitoe.

Naendesha redio ndogo ya mtandaoni hapa Kondele, Kisumu: benga, salamu, matangazo ya vifo na michango. Wasikilizaji wangu wengi wako nje, Doha, London, Dallas, na Jumamosi usiku ndipo wanapojaa. Kampuni iliyokuwa ikinirushia redio hiyo kwenye seva yake iliahidi kwa herufi kubwa kwamba data haina kikomo. Jina silitaji, maana wakili sina.

Jumamosi hiyo tulikuwa hewani na mchango wa kumsafirisha jamaa yetu akazikwe Siaya. Shemeji wa marehemu yuko kwenye maikrofoni anasoma majina: fulani wa Doha katuma elfu mbili, akina mama wa Dallas elfu kumi. Kila jina likisomwa, mwingine anaona haya, naye anatuma. Mchango ndivyo unavyoenda, ukipoa umepoa. Mara simu: "Omera, mbona kimya?" Natazama mixa, taa za kijani zinarukaruka vizuri tu. Natazama kompyuta: wasikilizaji sifuri. Shemeji bado anasoma majina, hajui anausomea ukuta.

Kuingia kwenye akaunti, imesitishwa. Eti matumizi yamepita kiasi.

Kiasi gani? Mimi hurusha kwa kilobiti 128 kwa sekunde, yaani karibu megabaiti 58 kwa saa kwa kila msikilizaji. Watu 200 wakisikiliza saa tatu, hizo ni kama gigabaiti 35. Hesabu hiyo wanaijua kuliko mimi, ndiyo biashara yao. Wangenionyesha kikomo mapema ningeshuka hadi kilobiti 64 kwa AAC+, mfumo wa kubana sauti, na gitaa la benga lingesikika bado, na matumizi yangepungua nusu. Lakini wao walikificha ndani kabisa ya masharti.

Haya, hilo ningelimeza. Lililonikaba ni jibu lao. Niliwaandikia huduma kwa wateja kwa adabu zote: kuna msiba, nirudishieni hewani hata saa moja, cha ziada nalipa kwa M-Pesa sasa hivi. Kwanza likaja lile jibu la mashine, "Mpendwa mteja". Kisha akaja binadamu, na afadhali mashine ingeendelea: "Wewe uko kifurushi cha chini. Subiri Jumatatu." Basi. Hata pole hakuna! Bili ya mochari inapanda kila kukicha, nami naambiwa Jumatatu kama mtu anayefuatilia kitambulisho. Mchango tuliumalizia WhatsApp kwa sauti za kurekodi na haukutosha. Pengo tukaliziba kwa pesa za chama.

Kusema haki, kabla ya hapo sikuwa na neno nao. Seva yao iko Ujerumani, na kwa watu wangu wa ughaibuni hilo halina shida. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya bahari na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba, sikuwalaumu, kosa halikuwa lao. Stima ikipotea huku, AutoDJ yao ilikuwa ikishika yenyewe, nyimbo zinaendelea kama vile sijatoka kwenye kiti. Kwa mhubiri mwenye wasikilizaji ishirini na mahubiri ya kurekodi, ningesema aende tu, bei si mbaya.

Hapana, hilo nalifuta. Huyo mhubiri naye atafiwa, na siku hiyo ndiyo watu watakapojaa kumsikiliza, na siku hiyo hiyo ndiyo watakapomzima. Asiende.

Mimi nimekodi seva yangu, kijana mmoja wa Maseno akaniwekea AzuraCast, programu ya bure ya kuendeshea redio ya mtandaoni. Kazi imeongezeka, ikianguka usiku wa manane naamka mwenyewe. Ila kabla ya kulipa niliwapigia hao wapya wanaonikodishia seva simu Jumamosi usiku, makusudi, nione kama kuna mtu. Akapokea mtu akipiga miayo. Akanitajia gigabaiti zangu za mwezi ni ngapi, na zikiisha nalipa ngapi ili nisikatwe. Nikalipa kabla hajakata simu.