Besi ya Mwaka 1966 Mikononi mwa Fundi: Tathmini ya Kazi ya Ukarabati

Fender Precision ya mwaka 1966, gitaa la besi la nyuzi nne, niliyompelekea fundi ilikuwa na matatizo matatu kwa pamoja: shingo iliyopinda hadi nyuzi zikawa mbali na ubao wa vidole, freti za mwanzo (vile vipande vyembamba vya chuma vilivyokatiza ubao wa vidole) zilizolika kwa kukandamizwa miaka mingi, na sauti iliyokuwa ikikatika katikati ya wimbo bila ya sababu iliyoonekana. Sasa ni miezi minane tangu anirudishie. Nimesubiri muda wote huo kabla ya kuandika kwa sababu mbao haitoi majibu yake siku ya kwanza, na kazi inayopendeza mezani kwa fundi inaweza kujifunua vingine baada ya majira kubadilika. Ninaandika hasa kwa wale wenye ala ya umri huu wanaosita kuitoa mikononi mwao. Kusita kwao nakuelewa vizuri, kwani nimeshuhudia besi iliyostahimili majukwaa kwa miongo kadhaa ikaharibiwa kwa alasiri moja ya msasa.

Kilichonipa imani tangu mwanzo ni kwamba fundi hakushika bisibisi kabla ya kushika vipimo. Alifunga kibano kwenye freti ya 1, akakandamiza uzi wa E, ulio mnene kuliko yote, kwenye freti ya mwisho, kisha akapitisha vibati vya kupimia chini ya uzi huo kwenye freti ya 8. Pengo lilikuwa milimita 1.1, ilhali kwa ubao wenye mviringo wa zamani kama huu, wa nusukipenyo cha takriban milimita 184, mwongozo wa kiwanda ni kama milimita 0.35. Kwenye freti ya 17 uzi wa E ulikuwa juu kwa milimita 4.5, karibu mara mbili ya inavyotakiwa. Aliandika kila tarakimu kwenye karatasi, akapiga picha za kila upande, kisha akaniuliza maswali ambayo hakuna fundi mwingine aliyewahi kuniuliza: napiga kwa vidole au kwa kipande cha plastiki, nagonga nyuzi kwa nguvu kiasi gani, na napenda nyuzi za aina gani. Majibu hayo ndiyo yaliyoamua kimo cha nyuzi baadaye, kwa kuwa mpigaji mwenye mkono mzito akiwekewa nyuzi chini sana atasikia mkwaruzo kwenye kila noti.

Katika besi za Fender za wakati ule, skrubu ya ufito wa chuma unaonyoosha shingo ipo upande wa kisigino, yaani mwisho wa shingo unaofungwa kwenye kiwiliwili, imejificha ndani. Ili kuigeuza inavyopaswa, lazima ulegeze nyuzi, ufungue skrubu nne za shingo, uitoe shingo, ugeuze kidogo, uirudishe, ukaze nyuzi zote mpaka zifikie sauti zake, ndipo upime. Nyuzi nne za besi zikikazwa huvuta shingo kwa nguvu ya takriban kilo 80, kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa nyuzi zikiwa zimelegea hakina maana yoyote. Fundi alirudia mzunguko huo mara tatu kwa siku mbili tofauti, akiiacha shingo itulie usiku kucha kati ya mageuzo. Najua watu wanaoona huko ni kupoteza muda. Mimi naona hapo ndipo palipokuwa na kiini cha kazi yote, kwa kuwa ufito wenye umri wa zaidi ya nusu karne ukilazimishwa kwa mkupuo mmoja unaweza kukatika, na ukishakatika, ubao wa vidole hauna budi kubanduliwa ili kuufikia.

Shingo ilipotoka tuliona muhuri wa wino kwenye kisigino chake, wenye mwezi na mwaka. Potensiomita nazo, yaani vidhibiti vya sauti vinavyozungushwa kwa vitufe, zilikuwa na namba inayoanza na 137, ambayo ni alama ya kiwanda cha CTS, ikifuatiwa na tarakimu za mwaka na za wiki. Nilifurahi nikadhani tumepata uthibitisho kamili. Fundi alinituliza: Fender walinunua shehena kubwa ya potensiomita mwaka 1966 na kuendelea kuzitumia kwa miaka kadhaa, hivyo namba hizo peke yake hazithibitishi umri wa ala, na muhuri wa shingo pamoja na lehemu isiyoguswa ndivyo vinavyobeba uzito zaidi. Wapo wauzaji ambao wangeniacha niendelee kufurahi.

Suala la freti ndilo tulilojadiliana kwa muda mrefu kuliko yote. Fundi wa kwanza niliyemwendea kabla ya huyu, ambaye sitamtaja, alitaka kung'oa freti zote 20 na kuusawazisha ubao wa vidole kwa msasa mrefu. Huyu wa pili alikataa, na sababu yake ilinishawishi kabisa. Tangu miaka ya mwanzo ya 1960, Fender waliacha kutumia kipande kinene cha rosewood, mbao ngumu nyeusi ya ubao wa vidole, juu ya shingo, wakaanza kubandika utando mwembamba uliopindwa kufuata mviringo wa shingo. Utando huo ukipigwa msasa bila kipimo, hukaribia kwisha pembeni, na hakuna namna ya kuurudisha. Zaidi ya hapo, freti za wakati ule hazikupigiliwa kutoka juu. Zilisukumwa kutoka ubavuni zikateleza ndani ya mifuo yake. Anayezing'oa kwa kuzivuta juu huondoka na vipande vya rosewood. Yeye alizitoa freti 5 za mwanzo tu, ambazo zilikuwa zimelika mpaka hazikuwa na kimo cha kutosha kusawazishwa. Alizipasha moto kwa chuma cha kulehemu, kisha akazigongea taratibu kutoka ubavuni kwa kipande chembamba cha chuma. Niliukagua ubao kwa kioo cha kukuzia baada ya kazi, nikakuta mfuo mmoja tu, wa freti ya 3, wenye mmeguko mdogo uliojazwa kwa vumbi la rosewood na gundi. Baada ya hapo alizisawazisha zote 20 kwa tupa ndefu iliyonyooka, akarudisha mgongo wa kila freti uwe wa mviringo, kwa maana freti iliyobaki bapa juu huufanya uzi uguse mahali pasipo sahihi na noti isikae kwenye sauti yake.

Kuhusu daraja, chuma kinachobeba nyuzi kwenye kiwiliwili, sina mengi ya kusema. Vitandiko vinne vya nyuzi ni vile vile vya asili vyenye mifuo ya skrubu, skrubu mbili za kimo zilikuwa zimeshikwa na kutu, na mafuta ya kupenya pamoja na subira ya siku moja vilizilegeza. Kutu iliyobaki juu haikung'arishwa, kwa ombi langu.

Hata hivyo, baada ya shingo kunyooka, nyuzi zilikuwa bado juu ilhali vitandiko vilikuwa vimeshushwa mpaka mwisho. Tatizo hili ni la kawaida kwa shingo zinazofungwa kwa skrubu, na dawa yake ni kuibadili kidogo pembe ya shingo kwa kuweka kipande chembamba ndani ya mfuko wake, ule uwazi wa kiwiliwili unaoishika. Ndani tulikuta kipande cha karatasi ngumu kilichojikunja. Fundi alichonga kabari ya mti wa maple inayojaza mfuko mzima, nene kwa sehemu ya milimita upande mmoja na kuishia bila unene upande wa pili, ili mbao iguse mbao kila mahali. Je, sauti imeboreka kwa sababu ya hiyo? Siwezi kuapa. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba vitandiko sasa viko katikati ya safari yake, na nina nafasi ya kupandisha au kushusha nyuzi kadiri nitakavyo.

Upande wa umeme ndio uliozaa furaha kubwa. Pikapu ya Precision, kifaa cha sumaku na waya kinachogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme, tangu mwaka 1957 imegawanyika vipande viwili, kila kimoja kikishika nyuzi mbili, navyo vimeunganishwa kwa mfululizo huku kimoja kikizungushiwa waya kinyume na kingine na sumaku zake zikigeuzwa, ili mvumo unaoingia katika vyote viwili ujifute wenyewe. Kwa kuwa vimefuatana katika njia moja, kimoja kikikatika vyote hunyamaza. Waya wake ni mwembamba kuliko unywele wa watu wengi, na mtu mwenye haraka angetangaza kwamba pikapu imekufa na kwamba inahitaji kuzungushiwa waya upya, au mbaya zaidi, kubadilishwa. Fundi alipima kila kipande peke yake, akagundua kwamba mkatiko ulikuwa nje ya koili, kwenye kijitundu ambako waya mwembamba unakutana na waya mnene. Aliufungua mzunguko mmoja wa waya, akasafisha, akalehemu upya. Kipimo kikasoma kiloomu 10.6, jambo la kawaida kabisa kwa pikapu ya aina hii. Alikuta pia waya wa ethi unaopita chini ya daraja umekatika, na ndiyo maana kelele haikuwa ikipungua nilipogusa nyuzi. Muundo wa pikapu hufuta mvumo wa sumaku lakini haumkingi mpigaji dhidi ya kelele nyingine zinazoingia ala ikikosa ethi. Potensiomita zilisafishwa ndani zikaacha kukwaruza, na kapasita ya asili ilipimwa ikaachwa mahali pake.

Rangi haikuguswa. Laka ya miaka hiyo huchakaa vizuri, na pale mkono wa wapigaji waliotangulia ulipoikwangua mpaka mbao ikaonekana, napenda pabaki hivyo. Alisafisha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, akanionya nisitumie dawa za kung'arishia zenye silikoni, kwa kuwa huingia kwenye nyufa za laka na kumtatiza fundi yeyote atakayekuja kuitengeneza baadaye.

Yapo mawili yasiyonipendeza. La kwanza ni kizingiti cha mfupa kilicho kwenye mpaka wa shingo na kichwa. Tulikubaliana kwamba nitatumia nyuzi bapa, zile zenye uso laini ambazo mpiga besi James Jamerson alizitumia katika rekodi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, na ambazo, kwa sikio langu, ndizo zinazoifaa pikapu hii. Lakini mfuo wa uzi wa E ulichongwa mwembamba mno. Kila nilipokaza, uzi ulinaswa, kisha ukaruka kwa mlio mfupi na kupita sauti niliyoitaka. Ilinibidi niirudishe besi kwa jambo la dakika kumi ambalo lingeonekana kama angeitune mara tatu nne kwa nyuzi zilezile kabla ya kunikabidhi. Alikiri kosa akaupanua mfuo mbele yangu, ila kwa mtu aliye makini kiasi hiki nilitegemea lisitokee. La pili ni muda: kazi ilichelewa wiki tano zaidi ya ahadi, na mara zote ni mimi niliyeuliza, kamwe si yeye aliyenitaarifu.

Vipimo vya mwisho ni hivi: upinde wa shingo milimita 0.35 kwenye freti ya 8, uzi wa E milimita 2.4 na uzi wa G, ulio mwembamba kuliko yote, milimita 2 kwenye freti ya 17. Noti ya freti ya 12 na sauti ya uzi ulio wazi zinaoana kwenye nyuzi zote nne. Nikipiga E ya chini, noti inasimama, inajaa, kisha inazimika taratibu bila kutetemesha kitu chochote ndani ya ala. Nilikuwa sijawahi kuisikia besi hii ikifanya hivyo, na siku ya kwanza nilibaki kwenye noti hiyo moja kwa muda mrefu bila kutamani kuhamia nyingine.

Mahali pamoja bado pana kasoro. Kwenye uzi wa G, karibu na freti ya 6, noti hufa haraka kuliko jirani zake. Fundi aliniambia kabla hajaanza kazi kwamba hali hiyo hupatikana katika besi nyingi za muundo huu, inatokana na shingo yenyewe kutetemeka kwa kasi inayokaribiana na ya noti hiyo na kuinyonya nguvu, na kwamba hakuna freti wala skrubu itakayoiondoa kabisa. Alipendekeza kibano kidogo chenye uzito kwenye kichwa cha ala, ambacho huhamisha sehemu hiyo kidogo. Nilikijaribu kwa wiki mbili, kikaihamishia kwenye freti ya 5, ambako naipiga mara nyingi zaidi, kwa hiyo nimekitoa.

Mwezi uliopita unyevu ulipobadilika, pengo la freti ya 8 liliongezeka kufikia milimita 0.5. Nilirudi kwake. Aliitoa shingo, akageuza skrubu kwa sehemu ya nane ya mzunguko, akairudisha, akaacha besi ilale kwake usiku mmoja, na asubuhi akaongeza mstari mpya wa tarakimu na tarehe chini ya karatasi ileile ya siku ya kwanza.