Uingereza: kuziba nyumba kwanza, au pampu ya joto kwanza?

Kwenye nyumba ya zamani ya matofali, kuziba kwanza ni kutandika sufi nene ya kuzuia joto juu ya dari na kuziba mianya ya milango, ndipo ifuate pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayovuta joto kutoka nje na kulileta ndani. Nyumba isiyovuja joto hutosheka na pampu ndogo. Dari ni kazi nyepesi. Kuta nzima zisizo na uwazi katikati ndizo zinazokula pesa, na wengi hukwama hapo miaka.

Anayeanza na pampu, akiwa England au Wales, anaweza kupata ruzuku ya pauni 7,500. Uniti 1 ya umeme huzaa takriban uniti 3 za joto, lakini hilo hutaka maji yanayozunguka kwenye radieta (vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba) yawe nyuzi 35 hadi 50, si 70 za boila ya gesi, mtambo unaopasha maji hayo kwa kawaida. Hivyo huenda ukahitaji radieta kubwa zaidi, na tangi la maji ya moto, ilhali fleti nyingine za London hazina hata pa kuweka ufagio!

Mimi ningeziba dari na mianya, kuta niziache, kisha nifunge pampu. Ila kwanza shusha joto la maji ya boila hadi nyuzi 50 siku ya baridi kali: vyumba vikibaki na joto, radieta ulizonazo huenda zinatosha.