Usaha wa ndui au ndui ya ng'ombe: kinga ipi ilikuwa bora?

Njia kongwe ilikuwa kuchanja ngozi ya mtu mwenye afya na kupaka usaha wa mgonjwa wa ndui. Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa Boston, Marekani, alimweleza bwana wake Cotton Mather kwamba alichanjwa hivyo kwao. Ndui ilipoingia mjini mwaka 1721, daktari Boylston akachanja watu wapatao 240, walikufa 6. Walioambukizwa kwa kawaida walikufa kama 14 kwa kila 100. Kinga ilidumu, lakini aliyechanjwa aliweza kumwambukiza jirani ndui halisi.

Mei 1796, daktari Mwingereza Edward Jenner alichukua usaha wa ndui ya ng'ombe, ugonjwa hafifu unaomkinga mtu na ndui, mkononi mwa mkamuaji maziwa, akamchanja James Phipps wa miaka 8. Kwa usalama, hapa Jenner anashinda kabisa. Ila kinga ilififia kwa miaka, na usaha wenyewe ulikuwa adimu: mwaka 1803 Hispania iliuvusha bahari kwa miili ya watoto yatima, wakichanjwa kwa zamu. Nawahurumia hadi leo.

Ndui ikiwa mlangoni na usaha wa ng'ombe haupatikani, ningekubali chale ya Onesimus. Vyote vikiwepo, na nyumbani kuna mtoto mchanga, ya Jenner.