Sinema ya uani Mji Mkongwe: walimnyanyua mama yangu kwenye kiti

Nlitaka kuandika tangu usiku ule ule nkasema wacha hasira zipoe. Hazijapoa.

Ni ile sinema ndogo ya uani, jina silitaji, wanaokwenda wanaijua. Ukuta umepakwa chokaa ndo skrini yenyewe, projekta juu ya meza, viti vya plastiki na mikeka ya watoto. Mwezi uliopita hivi, au kabla yake, wakaweka sinema ya Kihindi ya zamani, nkasema leo nampeleka mama. Mama yangu mtu wa Majestic, ile sinema ya zamani pale Vuga, mpaka leo anahadithia Jumapili zao, watu wamevaa wamejipamba, na yale maonyesho ya wanawake peke yao ambayo hata bibi yangu, na ukali wake wote, alikuwa akiyaruhusu.

Tukaswali isha tukatoka mapema mana magoti yanamsumbua na macho pia, nkamkalisha mbele. Hatujakaa hata dakika tano anakuja kijana wa mlangoni, hata shikamoo hakutoa, "hapo ondokeni, pa wageni hapo." Mama akamuuliza kwa upole, "wageni gani mwanangu, mbona sioni mtu?" Akajibu "wanakuja" na huku keshashika mgongo wa kiti anakivuta, mama hajasimama sawasawa, ikabidi ajishikize begani kwangu asianguke. Bega langu hili! Mtu mzima, na pale mlangoni tumelipa kama watu wote!

Na hao wageni hawakuja. Viti vinne vilikaa vitupu mpaka sinema inakwisha, nlikuwa navihesabu kila baada ya muda.

Nlinyanyuka tuondoke, mama akanivuta. "Kaa. Nimekuja kutazama sinema, sikuja kumtazama yeye." Tukakaa nyuma ukutani, mimi nusu saa nzima sikuona kitu, naona kisogo cha yule kijana tu.

Basi katikati ya wimbo umeme ukakatika. Kiza, kimya, na mama yangu, ambaye Kihindi hajui hata neno moja la kuombea maji, akaendelea na wimbo pale pale ulipokatikia. Taratibu, kama yuko jikoni kwake. Akaitikia bibi mmoja upande wa pili, wakaitikia wengine, watoto kwenye mikeka wanapiga makofi. Jenereta lilipowaka yule fundi wa projekta akaurudisha wimbo mwanzo bila kuombwa na mtu, ukumbi mzima ukaimba nao. Nlimtazama mama usoni na mwanga wa ule ukuta, wallahi sijamuona vile tangu baba afariki.

Ndo mana nashindwa kuwaambieni msiende. Nlitaka kusema hivo, nyota moja na yaishe. Lakini twende wapi? Ile Majestic iliyojengwa upya 1955 baada ya Royal, sinema iliyokuwepo pale kabla yake, kuungua, paa liliporomoka. Sinema ya Empire ya Darajani watu wananunua sabuni na mchele humo ndani. ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar, naipenda, tangu 1998 inatuletea sinema pale Ngome Kongwe, ila ni mara moja kwa mwaka. Nyumbani kila mtu na simu yake, sikioni kaziba, hakuna wa kukuitikia wimbo.

Kwa hiyo nyota tatu. Kwa fundi wa projekta ningetoa zote tano. Kwa kijana wa mlangoni hata nusu sitoi, na wenye pahala wajue, mgeni wa kwanza pale ni yule bi mkubwa aliyeanza kwenda sinema kabla wao hawajazaliwa. Mfundisheni kusalimia, hilo tu.

Nasikia karibuni wanaweka nyengine. Nishamwambia mama. Tutakwenda magharibi, atakaa mbele, na safari hii nasimama mimi nyuma ya kiti chake.