Vitz, Fit au Demio: ipi inashika barabara, ipi haiumizi mgongo

Anayeingia yadi kutafuta gari dogo la Kijapani huuliza ulaji wa mafuta, upatikanaji wa spea na bei ya mwisho. Jinsi gari linavyotembea huja kukumbukwa baadaye, safari ya kwanza ya Dar hadi Morogoro ikishaisha na kiuno kimekaza. Hapa tunalinganisha magari yaliyojaa sokoni: Toyota Vitz ya umbo lililotoka mwisho wa 2010, Honda Fit ya 2007 hadi 2013 (GE), na Mazda Demio za vizazi viwili, DE ya 2007 na DJ ya 2014.

Ukiyainua yote kwenye jeki, utakuta muundo uleule. Mbele kuna shokapu iliyovishwa springi, na nyuma mhimili mmoja unaojipinda kuunganisha magurudumu mawili. Mhimili huo ni rahisi, mwepesi na hauli nafasi ya buti, lakini gurudumu la kushoto likiingia shimoni, la kulia nalo linapata habari. Kwa hiyo gari lolote kati ya haya litatikisa abiria wa nyuma kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi. Tofauti zinatokana na ugumu wa springi na shokapu, umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na tairi.

Umbali huo ni milimita 2,510 kwa Vitz, 2,500 kwa Fit na 2,490 kwa Demio DE. Hizo ni sawa tu. Demio DJ ina 2,570, na sentimita hizo sita hadi nane zinasikika: kwenye lami iliyofanya mawimbi kwa uzito wa malori, pua ya DJ haichezi juu chini kama pua za wenzake.

Vitz imetengenezwa kwa ajili ya mji. Usukani ni mwepesi sana, kona ya kugeuzia ni fupi, na springi zake laini zinameza matuta madogo ya mitaani bila kelele. Ubaya wake unajitokeza ukivuka kilomita 90 kwa saa. Usukani hauna uzito pale katikati, unakuwa ukirekebisha mwelekeo kila mara, na basi likikupita kwa kasi gari linasukumwa pembeni. Kwenye kona za mteremko wa Kitonga, mkoani Iringa, inalala upande mapema, na ukizidisha mwendo pua inakwenda nje ya kona. Haitishi, maana inakuonya mapema, ila haikupi hamu ya kuendesha. Yenye injini ya lita 1.0 ina silinda tatu na mtetemo wake unafika kwenye kiti gari likiwa limesimama kwenye foleni. Kwa safari ndefu chukua ya 1.3, yenye silinda nne.

Fit ina usukani mwepesi kuitika kuliko Vitz na haiyumbi sana konani. Tangi lake la mafuta liko chini ya viti vya mbele, ndiyo sababu sakafu ya nyuma iko chini na viti vya nyuma vinakunjwa mpaka unaingiza friji. Kwa nafasi haina mpinzani hapa. Lakini springi za nyuma ni ngumu. Mtu mmoja akiwa peke yake garini, kila kiungo cha daraja kinagonga. Wakipanda wanne na mizigo, inatulia. Kwa anayesafiri peke yake kila siku kwenye lami mbovu, Fit si chaguo zuri.

Demio ndiyo gari la anayependa kuendesha. Mazda walipotengeneza DE walipunguza takriban kilo 100 kutoka kizazi kilichotangulia, jambo ambalo watengenezaji wachache walilithubutu wakati huo, na wepesi huo unausikia kila unapokata kona: gari linageuka mara moja, bila kusita, na usukani unakueleza tairi zina mshiko kiasi gani. Gharama yake ni kelele. Mlio wa tairi kwenye lami ya kokoto unaingia ndani, na mashimo yanasikika kwa ukali zaidi kuliko kwenye Vitz. DJ imerekebisha sehemu kubwa ya hayo. Magurudumu ya mbele yamesogezwa mbele, hivyo pedali zimekaa sawa na miguu yako badala ya kupinda kuelekea katikati, na pedali ya mafuta imeshikiliwa sakafuni. Baada ya saa nne barabarani tofauti hiyo inaonekana kwenye goti na nyonga. Ya dizeli 1.5 ina nguvu nzuri, ila pua ni nzito. Kwa ulaini wa usukani, petroli 1.3 ni bora.

Suzuki Swift ya 2010 inashindana na Demio kwenye kona, lakini buti ni dogo mno kwa familia.

Sasa tairi, mahali ambapo watu wengi huharibu gari zuri. Vitz ya 1.0 hutoka na 165/70R14: upana wa milimita 165, ukuta wa asilimia 70 ya upana huo na rimu ya inchi 14, yaani ukuta wa mpira wa karibu milimita 115. Ukiweka rimu za inchi 16 na 195/45, ukuta unabaki milimita 88. Umeondoa karibu sentimita 3 za mpira uliokuwa ukipokea mashimo, na kazi hiyo sasa inafanywa na rimu, shokapu na mgongo wako. Kwenye DJ, tafuta yenye 185/65R15 badala ya 185/60R16. Kwa upepo wa tairi, fuata karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kujaza PSI 40 ili kuokoa mafuta kunalifanya gari liruke na kupunguza mshiko.

Kwa kuwa tumbo la magari haya liko karibu sentimita 15 tu kutoka ardhini, mafundi hupendekeza spesa, yaani vipande vya kuinua gari, juu ya springi. Inchi moja na nusu inatosha kuharibu: shafti za magurudumu zinakaa kwa pembe kali, mipira yake inachanika, grisi inatoka, na shokapu inagonga mwisho wake kila gurudumu linaposhuka. Ni afadhali springi mpya za kiwanda, maana nyingi zilizochoka zimeshuka.

Kabla ya kulipa, endesha kwa kilomita 20 kwa saa kwenye njia yenye mashimo madogo. Mlio wa "ko-ko-ko" mbele mara nyingi ni linki za stebilaiza (vifimbo vya chuma kinachopunguza gari kulala upande), spea ya bei ndogo. Zungusha usukani mpaka mwisho ukiwa umesimama: springi ikilia na kuruka, beringi ya juu ya shokapu imekufa. Funga breki kwa nguvu. Gari likivuta au usukani ukitikisika, kagua bushi (mipira ya maungio) za amu ya chini, mkono wa chuma unaoshika gurudumu. Nyuma ikipiga mkia kwenye kona yenye mashimo, ni bushi za mhimili. Shokapu zinazovuja badilisha mbili mbili.

Bushi za amu zikibadilishwa, msimamie fundi akaze bolti za mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, mpira unakaa umejinyonga muda wote na utachanika mapema. Kisha fanya alaimenti ya mbele, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu. Nyuma hakuna pa kurekebisha kwenye magari haya, na vipimo vya nyuma vikisoma vibaya, mhimili umepinda: acha gari hilo, tafuta jingine.