Kabla Hujanunua Gemu ya Zamani ya Kubofya, Uliza Kitabu Chake Kiko Wapi

Mwezi wa saba, upepo wa Dodoma ukipeperusha vumbi hadi ndani ya sufuria, nilitoa shilingi elfu 40 nikanunua flashi yenye "gemu 300 za zamani za kompyuta". Kibanda sikitaji. Kiko hapa hapa mjini na mwenyewe anajijua. Nilimuuliza swali moja tu: "Kaka, zote zinafunguka?" Akanijibu, "Dada yangu, zote. Ikigoma hata moja, nirudishie."

Hazikugoma. Zilifunguka vizuri kabisa, na hapo ndipo nilipoliwa.

Kati ya zile 300 nilikuwa naitaka moja: King's Quest VI ya mwaka 1992. Niliicheza nusu nikiwa mtoto, Jumamosi, kwenye kompyuta ya ofisini kwa mjomba, Dar es Salaam. Mwanamfalme Alexander anavuka bahari kumtafuta binti aliyempenda, chombo kinavunjika, anaamka ufukweni kwenye visiwa vya Green Isles. Wewe na kipanya chako ndio akili yake: bofya hapa aokote, bofya pale aongee. Safari hii nikasema namaliza. Nikacheza jioni hadi jioni, nikafika chini ya jabali linaloitwa Cliffs of Logic.

Jabali lile limechongwa alama na herufi. Ukizibofya kwa mpangilio sahihi, ngazi za mawe zinachomoza na kijana anapanda. Ukikosea, ngazi zinarudi ndani, kijana anaporomoka, habari yake imeishia hapo. Nilikaa chini ya jabali lile siku tisa. Nilijaribu kila herufi kwa kila mpangilio nilioweza kuufikiria, nikaandika kwenye kalenda ya ukutani, nikamuamsha mume wangu saa sita usiku nimuulize. Nilizama pale kama yule tembo wa hadithi ya jina la mji wetu, aliyenasa kwenye tope Wagogo wakasema "idodomya".

Sisi tumelelewa na vitendawili. Ukishindwa, unatoa mji. "Nakupa Kondoa." "Sitaki." "Nakupa Mpwapwa." Mwisho mtegaji anaupokea, anajigamba alivyokwenda Mpwapwa na alichokula huko, kisha anakupa jibu. Hata bibi mkali kuliko wote anaifuata sheria hiyo. Jabali lile halipokei mji. Ningelipa Dodoma nzima na bwawa la Mtera juu yake, lingenyamaza vilevile.

Jibu halikuwemo ndani ya gemu. Lilikuwa kwenye kijitabu cha karatasi, Guidebook to the Land of the Green Isles, kilichotiwa ndani ya boksi mwaka 1992. Kampuni ya Sierra, iliyotengeneza gemu hii, ilifanya makusudi: aliyenunua anacho kijitabu, aliyenakili diski hana. Kijana wa kibanda alinakili gemu, kijitabu hakukinakili kwa sababu hata hajui kama kipo. Wanasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulitambua. Haya, mwerevu gani atatambua kilichobaki kwenye boksi lililofunguliwa Marekani miaka zaidi ya 30 iliyopita?

Nilipolalamika, wasomaji wawili wakaniandikia. Mmoja yuko Singida. Kanunua The Secret of Monkey Island ya mwaka 1990 kwa mtindo huo huo. Anaifungua, anaonyeshwa uso wa haramia na kuulizwa aliongwa mwaka gani, samahani, alinyongwa mwaka gani, mahali fulani. (Vidole vyangu navyo vimechoka.) Alidhani ni sehemu ya hadithi, akaanza kubahatisha miaka. Kumbe boksi lilikuja na gurudumu la karatasi lenye nusu za nyuso. Unalizungusha mpaka nusu ya juu ioane na ya chini, kisha unasoma mwaka kwenye tundu. Mwingine, wa Manyoni, anayo Zak McKracken ya mwaka 1988. Kila akitaka kupanda ndege kwenda nje ya Marekani anadaiwa namba za viza, na akizikosea mara kadhaa anatiwa rumande. Namba zilikuwa kwenye karatasi.

Kwa hiyo mwongozo huu sitausumbua kwa mambo ya RAM na ubora wa picha. Gemu hizi zilitengenezwa kwa kompyuta zilizo dhaifu kuliko simu ya bibi yako, na laptopu yoyote ya mtumba inazimudu. Swali langu ni moja: kitabu kiko wapi?

Tena tofautisheni mambo mawili, maana hapa ndipo watu wanapotapeliwa bila kujua. Kuna gemu zilizoweka swali mlangoni, kama lile la haramia. Hizo zina dawa: programu ya bure iitwayo ScummVM, ambayo imekuwepo tangu mwaka 2001, inazifungua nyingi kati yake na kuliruka swali lenyewe. Na kuna gemu zilizoficha jibu katikati ya hadithi, kama jabali langu. Huko ScummVM haikusaidii chochote. Itakufungulia vizuri, itakufikisha vizuri, halafu itakuacha chini ya mlima.

Sasa nipange, kuanzia ninapowatuma bila kusita.

Namba moja ni GOG, na sijifichi, nina upendeleo. Sipewi hata senti. Ni duka la mtandaoni la Poland lililofunguliwa mwaka 2008, na jina lake la mwanzo lilikuwa kifupi cha maneno yanayomaanisha "gemu nzuri za zamani". Mimi napenda vitu viwili kwao. Kwanza, ukishalipa unashusha faili la kusimika gemu, unalitia kwenye flashi yako, na tangu hapo halihitaji intaneti wala kuomba ruhusa kwa mtu. Kwa sisi tunaopima bando kwa kijiko, hilo si dogo. Pili, na ndilo lililonileta hapa, pembeni ya gemu wanaweka vitabu vyake kwa PDF.

Nilinunua kifurushi chao cha King's Quest 4, 5 na 6. Usiku huo sikucheza. Nilisoma. Kile kijitabu kimeandikwa kama maelezo ya msafiri, Derek Karlavaegen, anayezunguka kisiwa hadi kisiwa akieleza watu na mila zao, na katikati ya porojo zake ndimo zilimo alama za wakale waliochonga lile jabali. Nikatambua kwamba utotoni nilikuwa nimechezeshwa nusu ya gemu. Kijitabu hakikuwa kufuli tu. Kilikuwa sura ya kwanza ya hadithi, na mimi niliingia sura ya pili nikidhani ndiyo mwanzo. Kesho yake jabali nililipanda kabla maharage hayajaiva.

Dosari ya GOG ni kwamba kitabu na gemu viko kwenye skrini moja, na kutoka nje ya gemu kila mara kunachosha. Tia PDF kwenye simu uiweke kando ya laptopu. Au fanya kama mimi: nenda steshenari, printi kurasa unazozihitaji tu, pitisha stepla. Dada wa steshenari aliangalia zile alama akaniuliza kama ni mambo ya mganga.

Ukiingia humo na hela ni ya gemu moja, chukua Indiana Jones and the Last Crusade ya mwaka 1989. Boksi lake lilikuwa na shajara ya baba yake Indiana, na mwishoni unapotakiwa kuchagua kikombe kimoja kati ya vingi, shajara ndiyo inayokupa tofauti. Kikombe sahihi hubadilika kila unapoanza upya, kwa hiyo hata kuuliza rafiki hakusaidii. Ya pili ni Loom, 1990. Humo silaha yako ni rungu la kusokotea linalopiga noti nne-nne, na boksi lilikuja na kitabu chenye nafasi za kuandika kila wimbo unaoujua. Noti za nyimbo nyingi nazo hubadilika kila mchezo. Nunua penseli, kalamu ya wino utajuta.

Anayeogopa karatasi kabisa achukue toleo jipya la The Secret of Monkey Island, la mwaka 2009: gurudumu limeondolewa, picha zimechorwa upya, na ukibonyeza F10 unarudi kwenye picha za mwaka 1990. Au Day of the Tentacle, iliyotoka 1993 na kusafishwa upya 2016. Ndani yake, chumbani kwa jamaa mmoja, kuna kompyuta. Mpeleke mhusika wako aitumie, utakuta Maniac Mansion ya mwaka 1987 nzima humo, gemu ndani ya gemu. Nyongeza za namna hiyo siku hizi ungeuziwa peke yake.

Namba mbili ni Steam, duka jingine la mtandaoni. Gemu nyingi ni hizo hizo, King's Quest nazo wanazo kwa kifurushi. Angalia ukurasa wa gemu kama kuna kiungo cha mwongozo kabla hujalipa; kwa baadhi kipo, kwa nyingine hakuna. Kinachoishusha kwangu ni kwamba lazima usimike programu yao, nayo inapenda kujisasisha kabla ya kukuhudumia. Bando la wiki linaondoka kabla hujabofya hata mlango.

Na kwa kuwa nimegusa hela: bei ya maduka haya iko kwa dola. Unaona dola 9.99, unajisemea hiyo si mbaya. Unatengeneza kadi ya mtandaoni kwenye simu, unaitia hela, kuna makato ya kuitia, kisha kiwango cha kubadilishia ambacho hakifanani na kile cha redioni asubuhi, kisha kinabaki kisalio kidogo kwenye kadi ambacho hakinunui kitu na hakitoki. Mimi nina kisalio hicho tangu mwaka jana. Nakisalimia kila mwezi. Dawa ni kusubiri punguzo, ambalo kwa gemu kongwe linakuja mara nyingi na linaishusha bei hadi robo yake, na kununua tatu kwa mpigo ili makato uyale mara moja.

Namba tatu, boksi la kale lenyewe, kwa watu wenye ndugu wanaosafiri. Diski zake hazina kazi, laptopu yako haina pa kuziingizia. Unanunua karatasi. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana boksi lenye gurudumu la maharamia ni ghali kuliko lisilonalo. Lakini angalieni msilipie upuuzi: boksi la Myst, ya mwaka 1993, lilikuja na daftari, na daftari lenyewe ni tupu, la kuandikia uliyoyaona kisiwani. Daftari tupu liko sokoni Sabasaba, nenda na mia chache. Myst yenyewe ni nzuri, ila ina fumbo la kusikiliza sauti za kinanda. Kama spika ya laptopu yako imekufa, utakuwa chini ya jabali lako mwenyewe.

Namba nne ni ya simu, na nitataja moja tu, Machinarium ya Jamhuri ya Cheki, 2009. Haina maneno, kwa hiyo hata asiyejua Kiingereza anacheza. Kitabu cha majibu kimo ndani ya gemu, na kina kufuli: ili ukifungue unacheza kwanza kigemu kidogo cha kulenga shabaha. Nimewasamehe, maana hao angalau wanapokea mji.

Za bure: Beneath a Steel Sky, ya 1994. Wenyewe waliiachia bure mwaka 2003, inachezwa kwa ScummVM, na hadithi ya mwanzo imechorwa kama katuni mwanzoni mwa gemu yenyewe. Ishushe usiku bando likiwa rahisi.

Ya mwisho kabisa ni flashi ya kibandani.

Nilirudi pale, bila shaka. Nilikuwa na zile kurasa zangu zenye stepla mkononi. Nikamwambia, "Kaka, uliniambia ikigoma nirudishe." Akaichomeka kwenye kompyuta yake, akafungua King's Quest VI, Alexander akaonekana ufukweni. "Dada, si hii inafunguka?" Nikamweleza habari za jabali na kijitabu. Akacheka kwa sauti, akamwita mwenzake wa kibanda cha pili: "Njoo usikie, eti gemu ina kitabu!" Hela hakurudisha. Akachukua kurasa zangu, akazipekua taratibu, moja baada ya nyingine, akaacha kucheka. Kisha akaniuliza kama naweza kumwachia akazitoe kopi, maana akiziambatanisha na flashi anaweza kuuza elfu 50.