Ratnagiri na Bhitarkanika kwa siku moja: wakala alinipeleka kwa mamba maji yamejaa

Naweka nyota moja, nikifika mwisho labda nitabadilisha, sijui, bado nina hasira.

Mimi nasoma Bhubaneswar, huku Odisha mashariki ya India. Msimu wa baridi uliopita dada yangu alikuja kunitembelea, anataka vitu viwili tu, magofu ya Kibudha na mamba. Nikapata wakala anauza vyote kwa siku moja, asubuhi vilima vya Ratnagiri na Lalitgiri, mchana boti kwenye mikoko ya Bhitarkanika, na kwenye tangazo kaweka picha ya mamba kajianika juu ya tope mdomo wazi.

Sasa mimi mtoto wa Tanga, nimekulia mikokoni. Ile picha nikiiona tu najua imepigwa maji yamekupwa. Kabla sijatoa hata advansi nikamuuliza, siku hiyo maji yanakupwa saa ngapi? Hakuna shida madam. Nikamwandikia kabisa, naomba tugeuze, boti kwanza asubuhi, magofu wakati wa kurudi. Hakuna shida madam. Kumekucha dereva anakuja na karatasi yake, Ratnagiri kwanza! Dereva wa watu hana kosa, kapewa karatasi.

Ratnagiri yenyewe lakini, jamani. Ule mlango wa nyumba ya watawa ni wa jiwe la kijani linaloenda kwenye bluu, wamechonga maua na vijitu mpaka hakuna pa kuweka kidole, ukisogeza uso unaona hadi vidole vya vile vijitu. Ndani ua wa mawe, vyumba vya watawa pembeni, na vichwa vikubwa vya Buddha unatazamana navyo uso kwa uso. Nje ndo kuna stupa, vile vijengo vya Kibudha vya umbo la kuba, ndogo ndogo za nadhiri, mamia, nyingine hazifiki gotini. Mama mmoja mwanaakiolojia, Debala Mitra, ndiye alisimamia kuchimba kuanzia 1958 hadi 1961. Dada akawa hatoki pale, anapiga picha kila jiwe, na mimi nimekaa kwenye ngazi naangalia saa roho inaniuma kwa sababu najua huko mbele maji yanapanda.

Lalitgiri tukapita kama tunakimbizwa. Halafu barabara ya kwenda Kendrapara ni malori ya madini ya chuma yanaenda bandari ya Paradip, yaani lori nyuma ya lori, vumbi, honi.

Tunafika kwenye boti maji yamejaa pomoni. Mikoko imezama mpaka matawini, tope hata la kubandika stempu hakuna. Mzee wa boti akanionyesha kingo kwa mkono, Kihindi changu cha kuombea maji ya kunywa kikatosha kuelewa: asubuhi walikuwa hapa, na hapa, na pale. Nikampigia wakala. Unajua kanijibu nini? "Madam, mamba si mfanyakazi wetu." Akakata simu!

Najua mamba si mfanyakazi wako, kaka. Maji pia si mfanyakazi wako, ndo maana nilikuuliza saa. Huku walianza kuwalea mamba wa maji chumvi 1975 wakiwa hawafiki 100, sasa hesabu ya idara ya misitu inapita 1,700, na wewe umeweza kumleta mtu asiwaone. Hicho nacho ni kipaji.

Ila mzee wa boti, Mungu ampe maisha. Alituingiza kwenye kijito chembamba akazima injini. Tukaona swala wenye madoa, kenge, na mdiria mwenye kichwa cha rangi ya chungwa na mabawa ya kahawia, katua karibu kabisa hana habari na sisi. Karibu na kurudi likapita gogo. Gogo likafungua jicho. Alipozama kichwa na mgongo, mkia ukachelewa sana kumfuata, dada akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Mmoja tu, lakini yule mmoja, aisee.

Basi sijui niweke ngapi. Mahali ni tano. Mzee wa boti na dereva tano. Wakala hata hiyo moja ni huruma. Ukienda angalia ratiba ya maji mwenyewe, lala Dangamal ndani ya hifadhi, upande boti alfajiri maji yakikupwa, magofu yaache siku nyingine, hayahami. Mwezi wa tano mpaka wa saba usijisumbue, wanafunga, mamba wanataga.

Dada kashasema akija tena anataka Ratnagiri siku nzima. Namba ya dereva ninayo, ya wakala nimeibloku.